Waa, Maji na Stara

Mwezi wa Oktoba, mijakaranda ya Lavington inapochanua na kuyamwaga maua yake ya zambarau juu ya njia, juu ya mapaa na juu ya kila kilicholala wazi chini yake, nilikuwa mgeni nyumbani kwa mpwa wangu, katika mojawapo ya vinjia vitulivu vinavyochipuka kutoka Barabara ya James Gichuru. Na asubuhi ya pili ya ugeni wangu, nilipotoka uani baada ya sala ya alfajiri ili kunyosha miguu, nilimkuta amesimama kando ya bwawa lake la kuogelea, mikono ameifunga nyuma, akilitazama kama mtu atazamaye barua iliyomletea habari nzito. Maji yenyewe hayakuwa na kasoro, kwani jicho lilishuka hadi chini bila ya kizuizi. Lakini katika lipu nyeupe ya kuta palikuwa na mawaa ya hudhurungi, mengine mapana kama sinia, mengine madogo kama alama za vidole, yaliyokusanyika zaidi karibu na matundu yanayoingiza maji; na penye kina kifupi, kando ya ngazi, palikuwa na mawaa ya namna nyingine, yenye umbo la jani na la ua, kama yaliyochapwa kwa wino uliokaribia kukauka. Mpwa wangu hakuwa na utulivu wa kuyapambanua. Kwake yeye yote yalikuwa waa moja, na mtendaji wake mmoja.

"Mjomba," aliniambia baada ya salamu, "kijana amenimwagia kitu humu. Nimemwambia asije tena mpaka nimwite."

Kijana huyo alikuwa akilitunza bwawa kwa muda wa miaka mitatu, akija kwa miguu kutoka Kawangware, mtaa unaopakana na Lavington upande wa magharibi, ambako watu wengi husongamana katika ardhi ambayo huku ingetosha nyumba chache na bustani zake. Yeye ndiye aliyeyaona mawaa kwanza, yakiwa mepesi bado, akafanya kile alichofundishwa kukifanya kila aonapo uchafu: akaongeza klorini, maradufu ya kipimo, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu maji yote yaligeuka rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Na chujio lilipokwisha kuyarudisha katika usafi wake, mawaa yalikuwa yamekolea na kuongezeka. Basi kwa ushahidi wa macho mambo yalikuwa wazi: dawa imetiwa, uchafu umezuka, na aliyeitia dawa ndiye mwenye kosa.

Ushahidi wa namna hii ndio ulionifanya nikae nikifikiri siku zile zote za ugeni wangu, maana nusu ya dhulma ambazo nimezishuhudia katika umri wangu zilijengwa juu ya msingi kama huu, yaani kitu kimoja kikifuatwa na kingine, na mtu akapatikana katikati. Waarabu wameipa dhana jina lake na yakini jina lake, na Waswahili tukayachukua yote mawili; walakini katika matumizi ya kila siku mpaka baina ya hayo mawili umefutika, hata mtu husema "nina yakini" ilhali alichonacho ni hasira tu. Katika kisa cha Nabii Yusuf, kilichomo katika Sura ya 12 ya Qur'ani, ndugu wanamletea baba yao kanzu yenye damu, nao wafasiri wanasimulia kwamba Nabii Yaaqub hakuishia kuitazama damu. Aliigeuza kanzu, akaona haina mpasuko hata mmoja, akastaajabu kwa mbwamwitu aliyemla mwanawe na kuisaza nguo. Damu ile ilikuwa damu kweli, na waa lilikuwa waa kweli. Kilichokuwa uongo ni maana lililopewa. Na mbele katika kisa hicho hicho kanzu ya pili ya Yusuf inapasuliwa, na huyo anayeshuhudia hasemi nani mwaminifu na nani mwongo, bali anataka patazamwe mpasuko uko upande gani, mbele au nyuma. Nimeisoma sura hii tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliiona kuwa ni sura ya subira. Siku hizi naiona kuwa ni sura ya uchunguzi pia, na kwamba subira yenyewe ni sharti la kwanza la kuchunguza.

Fundi wa mabwawa aliyeitwa, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, hakuuliza ni nani aliyelitia bwawa doa. Aliuliza, "Maji haya mnayatoa wapi?"

Sikupata kusikia swali la hekima zaidi katika nyumba ile. Mji ambao jina lake limetoka katika neno la Kimaasai la maji baridi umekwisha kuwashinda walioupangia maji. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 huko Murang'a chini ya safu ya Aberdare, halikidhi haja ya wakazi wote, na mabomba ya mji hufunguliwa kwa zamu. Kwa sababu hiyo mpwa wangu na majirani zake walishirikiana kuchimba kisima kirefu, kwa mashine, ndani kabisa ya miamba iliyomwagwa zamani na volkeno, na maji ya kisima hicho ndiyo yaliyokuwa yakijazia bwawa tangu kiangazi. Yalikuwa yakitoka meupe kama machozi. Na ndani ya weupe huo mlikuwa na chuma.

Chuma kina hali mbili majini. Katika hali ya kwanza, huko chini ya ardhi kusikofika hewa, huwa kimeyeyuka kabisa, hakina rangi wala kivuli, na mtu aweza kuyajaza maji hayo katika bilauri akayainua mbele ya jua asione kitu. Kikikutana na hewa, na zaidi kikikutana na klorini, hugeuka hali ya pili, ambayo ndiyo kutu: huacha kuyeyuka, huyapaka maji rangi, kisha hutua juu ya kuta na kushikamana nazo. Kwa hiyo kijana wa watu alipotia klorini hakuleta uchafu. Alikidhihirisha kitu kilichokuwamo siku zote. Na alipoizidisha klorini, kwa nia njema na kwa mujibu wa mafunzo yake, alikigandisha ukutani kwa nguvu zaidi.

Fundi hakutaka tumwamini kwa maneno. Alitoa mfukoni kidonge cha vitamini C, kile kile wanachopewa watoto wenye mafua, akazamisha mkono, akakibana juu ya waa la hudhurungi kwa muda wa kuhesabu hadi 30 hivi. Na alipouondoa mkono palikuwa na duara jeupe, ukubwa wa sarafu ya shilingi, safi kama siku lipu ilipopigwa. Kisha akakibana kidonge kingine juu ya moja la yale mawaa yenye umbo la ua, na halikubadilika lolote. Akachukua kipande cha klorini, akafanya kinyume: juu ya waa la kutu hakikufanya kitu, bali juu ya waa la ua rangi ilififia mbele ya macho yetu. Yale ya kando ya ngazi yalikuwa kazi ya mjakaranda, ambao maua yake huzama, huoza na kuacha rangi yake. Na yale ya ukutani yalikuwa kazi ya kisima. Mawaa mawili, asili mbili. Na dawa ya hili si dawa ya lile, bali klorini inayoling'oa la ua ndiyo inayolikaza la chuma.

Nilirudi chumbani kwangu nikaketi, kwa kuwa jambo hili lilinigusa mahali ambapo sikutazamia. Nimesomesha watoto kwa miaka mingi. Wakati fulani nilikuwa na wanafunzi wawili ambao wote walikuwa wakichelewa kufika, na nikawakemea wote wawili kwa maneno yale yale, mbele ya wenzao, nikiamini kwamba usawa wa maneno ndio uadilifu. Mmoja alikuwa mvivu, na kemeo lilimfaa. Baada ya wiki moja alikuwa akifika kabla yangu. Wa pili, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akichelewa kwa kuwa alikuwa na nguo moja tu ya kusomea, akiifua usiku na kuingoja ikauke asubuhi, na alikuwa akiona haya kulisema hilo. Kemeo langu lilishuka juu ya haya ile kama klorini juu ya chuma. Hakurudi. Sikumwona tena, na jina lake nalitaja katika dua zangu hadi leo. Ukali niliokuwa nao haukuwa uovu kwa dhati yake, kwani umemfaa mwenzake. Lililokuwa kosa ni kuutumia kabla ya kujua ninautia juu ya nini.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu tangu zama za kale, walilitafakari suala la maji yaliyobadilika kwa umakini ambao watu wa leo huudharau wakidhani ni mambo madogo. Walitofautisha maji yaliyogeuzwa na najisi na maji yaliyogeuzwa na kitu tohara; na katika hayo ya pili walitofautisha tena kile kilichoyaingia kutoka nje na kile ambacho ni cha makao yake mwenyewe au cha njia yanayopitia, mathalani udongo, ukoga na madini ya ardhi, wakahukumu kwamba hiki cha mwisho hakiyaondolei maji utohara wake wala uwezo wake wa kutoharisha, hata kama rangi imebadilika. Fauka ya hayo waliweka kadiri ya kula mbili, ambazo ni kiasi cha lita mia mbili na kitu, kuwa maji yakiifikia hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu rangi, ladha na harufu yake hazikugeuka. Na bwawa la mpwa wangu, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5, lilikuwa na lita 75,000. Kwa hukumu hiyo maji yale, hata siku yalipokuwa rangi ya chai, yangefaa kutawadhia. Waa si lazima liwe najisi. Na rangi ya ardhi uliyotoka si aibu.

Kwani chuma hicho ni nini, kama si ile rangi nyekundu ya udongo wa Lavington wenyewe? Mwaka 1899 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin katika upande huu wa mji, na mibuni waliyoipanda ilistawi katika udongo huu mwekundu, hata upande huu wote ukawa mashamba ya kahawa kabla haujawa mtaa wa majumba. Kilichoupa udongo wekundu wake ni chuma kilichopata hewa, yaani kutu ile ile. Mtu huikanyaga kila siku bila kulalamika, huipandia mawaridi, na huisifu ardhi kuwa ni njema; ila ikimtokea juu ya ukuta mweupe huiita ila. Nami najua watu, wengine wa damu yangu, ambao tabia zao ngumu ni ardhi waliyochimbwa: umaskini, uyatima, vita, au baba aliyekuwa na mkono mwepesi. Qur'ani, katika Sura ya 83, inaitaja kutu iliyozifunika nyoyo kwa sababu ya yale waliyokuwa wakiyachuma wenyewe. Neno la kuchuma hapo ni zito, maana linamfunga mtu na kazi yake mwenyewe. Sidiriki kulilegeza neno hilo. Lakini sioni pia kwamba limeniruhusu mimi, nisiyeona ndani ya moyo wa mtu, kuihesabu kila kutu niionayo kuwa ni ya kuchumwa, wakati nyingine imetoka kisimani.

Tiba ilianza jioni. Fundi aliagiza klorini iachwe ishuke hadi karibu na kukoma, kwa kuwa hiyo na vitamini C hazikai pamoja, kila moja huiua nyenzake; kisha akanyunyiza unga wa asidi hiyo ya vitamini kiasi cha kilo moja kasoro kidogo, akitembea pole pole kandokando ya kuta kama mtu apandaye mbegu. Kabla ya saa nne za usiku mawaa ya hudhurungi yalikuwa yameanza kutoweka, na asubuhi kuta zilikuwa nyeupe. Mpwa wangu alifurahi, akamshukuru Mungu. Fundi, hata hivyo, hakufurahi naye, bali alisema jambo lililoniondolea usingizi usiku uliofuata. "Hakijaondoka," alisema. "Kimerudi majini tu."

Maana asidi ile haikiondoi chuma. Hukirudisha katika hali yake ya kwanza, hali ya kuyeyuka na kutoonekana. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: maji yenye miligramu 0.3 za chuma kwa lita, kadiri ambayo Shirika la Afya Duniani linataja kuwa ikizidi nguo na vyombo huanza kuingia madoa, yakijaza bwawa kama lile hubeba gramu 22 na nusu tu, uzito wa misumari michache. Lakini misumari hiyo ingali humo. Klorini ikirudi, na lazima irudi, kwa kuwa bila yake ukoga na vijidudu vitalitawala bwawa, chuma kitakuwa kutu tena na kuta zitarudia hali yake. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuyamwaga maji yote na kuyaleta mengine yasiyo na chuma. Ya pili ni kutia dawa ya kukishika chuma, ambayo hukikumbatia kikiwa kimeyeyuka, isiweze klorini kukifikia. Na dawa hiyo huchakaa kwa jua na kwa klorini yenyewe, ikabidi kuongezwa tena na tena muda wote bwawa linapokuwapo.

Hapo ndipo suala la kale la wanazuoni liliponijia. Katika Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu kuna Al-Ghafur na kuna Al-Afuww, na sisi katika Kiswahili twayafasiri yote mawili kwa neno moja, Mwenye kusamehe. Walakini asili zake ni mbali. Ghafara ni kufunika, na kutokana na shina hilo ndiyo ikaitwa mighfar ile kofia ya chuma ya askari, kwa kuwa hukifunika kichwa chake. Afa ni kufuta, kama upepo ufutavyo nyayo jangwani. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoyafafanua majina hayo aliliona la pili kuwa na nguvu zaidi, kwa hoja kwamba kufunika huacha kitu kikiwapo chini ya kifuniko, ilhali kufuta hakuachi kitu. Siwezi kumpinga Imamu katika sifa za Muumba. Ila katika yale yaliyo mikononi mwetu sisi viumbe, nilianza kuona kwamba kufunika, ambako watu wa pwani tumekuita stara tukakuweka mbele ya sifa nyingine zote za muungwana, hakustahili kuhesabiwa kuwa ni msamaha pungufu.

Tazama gharama ya kufuta. Lita 75,000 ni mitungi 3,750 ya lita ishirini, na mtungi ndio kipimo ambacho kwacho kijana yule na jirani zake wa Kawangware hununua maji yao. Mpwa wangu aliipiga hesabu hiyo mwenyewe, akaketi kimya, kisha akasema kwamba hatayamwaga. Nilimpenda sana saa ile. Anayetaka kufuta kabisa, asibaki na hata chembe ya kumbukumbu ya kosa, aghalabu huifuta kwa mali ya wengine: humfukuza aliyekosa, huvunja udugu, huhama mji, humwaga kila kitu ili aanze upya na maji mageni. Anayestiri hakubali uongo wowote. Anajua kwamba chuma kimo, anajua kiasi chake, na kila wiki hupima dawa na kuitia, pasipo mtu kumwona. Wala haachi ukali moja kwa moja, kwani klorini ilirudishwa, kidogo kidogo, baada ya chuma kwisha kushikwa. Nimefikiri sana kama hiyo ya kila wiki ni dhaifu kuliko ile ya mara moja, na sioni kwamba ni dhaifu. Mja aombaye maghfira asubuhi, naye aliomba jana na ataomba kesho, hafanyi hivyo kwa kuwa ombi la jana limepotea.

Kijana aliitwa. Mpwa wangu alimwendea hadi langoni, hakumngoja barazani, akamtaka radhi mbele ya mlinzi na mbele yangu, kwa kuwa mbele yetu ndiko alikomtuhumu. Kijana aliinamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, mzee," akaenda kuchukua burashi yake. Lakini wale wa nyumbani wameniambia kwamba zamani alikuwa akiimba akifanya kazi, nami kwa siku zote zilizobaki sikumsikia.

Mawaa ya maua aliyasugua kwa klorini kando ya ngazi, mahali pale pale tu, yakatoka isipokuwa moja, la ukubwa wa kiganja, lililoingia ndani ya lipu. Fundi alisema kulikwangua ni kuipunguza lipu pasipo haja. Nikawaeleza kwamba hata katika kutoharisha nguo iliyoingia damu, wanazuoni wamesamehe rangi inayobaki baada ya kufuliwa kwa bidii ikawa ni vigumu kuiondoa, na nguo husaliwa. Likaachwa.

Siku ya kuondoka kwangu nilitoka na mkoba wangu mapema, gari likinisubiri langoni. Kijana alikuwa amepiga magoti kando ya maji, akiipima ile dawa ya kukishika chuma katika kikombe cha plastiki, huku maua ya mjakaranda yakiendelea kuanguka na kuelea. Mpwa wangu alikuja kutoka jikoni na vikombe viwili vya chai, akampa kimoja, akachuchumaa karibu naye, wakawa wanalitazama lile waa la karibu na ngazi, na kijana akalinyooshea kidole akisema neno ambalo kwa umbali ule sikulisikia.